Boga Usilipike Chukuchuku

Jua limetua. Watoto wanacheza uani. Mtoto mmoja anakimbia, mara anajikwaa kwenye kinu. Kinu hicho kipo pale tangu asubuhi. Mchana alikipita bila taabu. Sasa giza linaanza kuingia, naye hakioni. Wenzake wanakiona. Wenzake wanamcheka.

Wewe usimcheke mtoto huyo. Wala usimgombeze. Huenda mwili wake umepungukiwa na vitamini A. Mtu aliyepungukiwa na vitamini A huona vizuri mchana, lakini magharibi macho yake hushindwa. Hali hii huitwa upofu wa usiku. Isipotibiwa, macho yanaweza kukauka, kupata vidonda na kupofuka kabisa. Mtoto wa namna hii apelekwe zahanati mapema. Huko atapewa vitamini A kwa kipimo kinachomfaa.

Lakini wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Sehemu ya kinga hiyo imo shambani mwako. Ni boga. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunalipika boga chukuchuku, yaani kwa maji na chumvi tu. Tukilipika hivyo, tunashiba, lakini faida yake kubwa inatupita.

Katika somo hili tutajifunza kupika supu nzito ya boga iliyoungwa kwa korosho. Supu hii haina nyama, wala samaki, wala maziwa. Hata hivyo ni tamu na nzito kama iliyotiwa maziwa. Tutajifunza pia kwa nini ni lazima kuiunga.

Boga lina nini?

Lipasue boga lililokomaa. Utaona nyama yake ni ya njano, au ina rangi ya chungwa. Rangi hiyo si pambo tu. Ndani yake kuna kitu ambacho mwili wako hukigeuza kuwa vitamini A. Kitu hicho kimo pia katika embe lililoiva, papai, karoti, na viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa. Kimo hata katika mboga za majani za kijani kibichi, kama majani ya maboga na kisamvu. Huko kimejificha nyuma ya rangi ya kijani.

Vitamini A husaidia macho. Husaidia pia ngozi. Huupa mwili nguvu ya kupigana na magonjwa kama surua na kuhara. Mwili hauitumii yote siku hiyo hiyo. Nyingine huwekwa katika ini kama akiba. Siku ambazo chakula ni haba, mwili huchukua kutoka katika akiba hiyo. Basi ini ni kama ghala. Ghala lisipotiwa kitu wakati wa mavuno, halitakuwa na kitu wakati wa njaa.

Kwa nini boga litake mafuta?

Chumvi huyeyuka katika maji. Sukari nayo huyeyuka katika maji. Lakini ile rangi ya njano ya boga huyeyuka katika mafuta.

Unaweza kujionea mwenyewe. Kaanga kipande kidogo cha boga katika mafuta meupe ya kupikia. Baada ya muda mfupi, tazama mafuta. Yamegeuka manjano. Rangi imetoka katika boga ikaingia katika mafuta.

Tumboni mambo ni hayo hayo. Ukila boga pamoja na mafuta, rangi ile huyeyuka katika mafuta, nayo huingia mwilini. Ukila boga bila mafuta yoyote, sehemu kubwa ya rangi ile hupita tu na kutoka nje. Umelima, umepalilia, umevuna, umepika na umekula. Lakini mwili haukupata haki yake.

Huhitaji mafuta mengi. Kiasi kidogo katika mlo kinatosha.

Mafuta yapo wapi?

Labda unasema, "Mimi sina fedha ya kununua mafuta ya chupa." Hebu tazama nje ya nyumba yako.

Hapa Chiwata, karibu na ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde, mikorosho ipo karibu kila upande. Kadhalika Masasi, Newala na Tandahimba. Korosho ni chakula chenye mafuta mengi. Karibu nusu ya uzito wa korosho iliyobanguliwa ni mafuta. Karanga nazo ni hivyo hivyo. Mbegu za boga lenyewe, zile tunazozimwaga jalalani, nazo zina mafuta mengi. Na nazi hutujia sokoni kutoka pwani ya Mtwara na Lindi.

Jirani zetu wa Nachingwea wana historia inayohusu jambo hili. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Waingereza walipungukiwa na mafuta ya kupikia nchini kwao. Mwaka 1947 walianza kufyeka misitu ya Tanganyika ili walime karanga kwa matrekta. Walilima Kongwa, Urambo na Nachingwea. Bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya karanga hizo. Walitumia mamilioni ya pauni. Kazi haikufaulu, na mwaka 1951 serikali yao iliuacha mpango huo.

Watu hao walivuka bahari kuja kutafuta mafuta ya karanga katika ardhi hii. Sisi tumezaliwa juu ya ardhi hiyo hiyo. Je, ni haki mtoto wetu ale boga chukuchuku?

"Korosho ni fedha"

Somo hili lilipofundishwa katika darasa letu la Chiwata, mzee mmoja alinyoosha mkono.

"Mwalimu," alisema, "korosho ni fedha. Anayekula korosho anakula fedha yake."

Mama mmoja aliyekaa nyuma akamjibu, "Na fedha hiyo, baba, tukishaipata tunanunulia nini? Si tunakwenda dukani kununua mafuta ya kupikia?"

Darasa zima lilicheka. Mzee naye alicheka. Kisha tuliandika hesabu ubaoni. Nawe iandike katika daftari lako.

Supu moja ya watu 6 inataka kikombe 1 cha korosho zilizobanguliwa. Kilo 1 ya korosho zilizobanguliwa inajaza vikombe 7 hivi. Ukipika supu hii mara 1 kwa wiki, kwa muda wa wiki 14, utatumia vikombe 14. Hivyo ni sawa na kilo 2 za korosho zilizobanguliwa.

Sasa, kilo 5 za korosho ghafi, yaani zenye maganda, zikibanguliwa hutoa kilo 1 hivi. Basi kwa kilo 2 unahitaji kilo 10 za korosho ghafi.

Kilo 10 tu. Kwa wiki 14. Kwa watu 6.

Mzee alizihesabu tena kwa vidole. Kisha akasema, "Kilo kumi si nyingi. Lakini zisipotengwa siku ya kuvuna, hazitaonekana tena."

Maneno hayo ni ya kweli. Korosho zetu nyingi husafirishwa zikiwa ghafi kwenda India na Vietnam. Huko hubanguliwa na kuliwa, au kuuzwa tena kwa mataifa mengine. Hatusemi usiuze. Korosho ni ada ya shule, ni bati la nyumba, ni dawa ya mikorosho ya mwakani. Peleka korosho zako katika chama cha msingi, usubiri mnada. Usiziuze kwa kangomba, kwa vibaba na kwa bei ya kutupa. Lakini kabla ya kupeleka gunia la mwisho, tenga kilo 10 za nyumbani.

Jambo hili lataka baba na mama wakae pamoja. Katika nyumba nyingi baba ndiye anayeuza, na mama ndiye anayepika. Baba akiuza zote, mama atapika kwa kitu gani? Zungumzeni kabla ya msimu, siyo baada yake. Akiba haiozi.

Wenzetu wanapikaje?

Kuunga boga si jambo geni. Watu wa pwani, kama vile Kilwa, Lindi na Zanzibar, hupika boga kwa tui la nazi. Katika mwezi wa Ramadhani boga la nazi ni futari inayopendwa sana.

Mbali sana na hapa, barani Asia, iko nchi iitwayo Thailand. Watu wa huko nao wana minazi. Vyakula vyao vingi hupikwa kwa tui la nazi, mchaichai, pilipili na ndimu. Boga nalo hulipika kwa tui. Siku hizi hata watu wa Ulaya na Marekani wamejifunza kupika supu ya boga kwa tui na mchaichai kwa kuwaiga watu wa Thailand. Huko Ulaya minazi haioti. Hununua tui lililotiwa katika makopo.

Vitu hivyo tunavyo. Mchaichai twaupanda karibu na nyumba kwa ajili ya chai. Ndimu na pilipili zipo. Boga lipo. Na mahali pa nazi, sisi tutatia korosho. Korosho ikisagwa vizuri hutoa tui jeupe na zito, wala halina haja ya kuchujwa.

Kubangua korosho kwa usalama

Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi. Moshi wake nao hudhuru macho na kifua. Kwa hiyo fuata mambo haya:

1. Chagua mahali pa nje, mbali na nyumba. Watoto wakae mbali.

2. Tumia kipande cha bati bovu au debe lililotobolewa. Usitumie sufuria ya kupikia chakula.

3. Simama upande upepo unakotoka, ili moshi usikufuate.

4. Koroga korosho kwa kijiti kirefu. Mafuta ya maganda yatatoka na kuwaka moto. Maganda yakiwa meusi, mwaga korosho chini, kisha zifunike kwa mchanga au majivu ili moto uzimike.

5. Zikipoa, pakaza mikono majivu. Gonga kila korosho kwa kijiti au jiwe dogo, utoe kiini. Menya ngozi nyembamba iliyobaki juu ya kiini.

Zilizovunjika usizitupe. Kwa supu, zilizovunjika ni sawa na nzima.

Vitu vinavyotakiwa

Kikombe kinachotajwa hapa ni kikombe cha chai cha kawaida. Vikombe 4 ni sawa na lita 1. Vipimo hivi ni vya watu 6.

Boga lililokomaa, kilo 2 (boga moja la kiasi, au nusu ya boga kubwa)
Korosho zilizobanguliwa, kikombe 1
Vitunguu maji 2
Vitunguu saumu, punje 3
Tangawizi, kipande kama kidole gumba
Mchaichai, mabua 2
Pilipili 1
Ndimu 1
Chumvi kiasi
Maji safi, vikombe 6

Ukikosa tangawizi au vitunguu saumu, usiache kupika. Hivyo ni vya ladha. Vitu viwili usivyoweza kuviacha ni boga na korosho.

Namna ya kupika

Kwanza, nawa mikono kwa sabuni. Osha kinu, mchi, kisu na sufuria.

Pili, chemsha vikombe 2 vya maji. Tia korosho ndani ya maji hayo ya moto, ufunike. Ziache zilainike kwa muda wa saa moja. Wakati huo endelea na kazi nyingine.

Tatu, osha boga kabla ya kulipasua. Lipasue, utoe mbegu na nyuzi. Weka mbegu kando. Menya boga, ulikate vipande vidogo vinavyolingana. Vipande vikilingana huiva pamoja, na kuni hazipotei bure.

Nne, menya vitunguu na tangawizi, uvikatekate. Ponda kidogo sehemu ya chini ya mabua ya mchaichai ili harufu itoke. Yafunge pamoja kama fundo. Kwa njia hiyo utayatoa kwa urahisi baadaye.

Tano, tia katika sufuria boga, vitunguu, tangawizi na mchaichai. Tia pilipili ikiwa nzima. Usiipasue. Ikipasuka, watoto hawataweza kula. Mimina vikombe 4 vya maji vilivyobaki. Funika, upike kwa nusu saa hivi, mpaka boga liwe laini kabisa.

Huku kwetu maji ni mali. Katika vijiji vingi vya uwanda wa juu mama zetu wameteremka bondeni miaka na miaka kuyatafuta. Basi usimwage maji uliyochemshia boga. Yana ladha, tena yana vitamini nyingine zilizotoka katika boga. Hayo ndiyo supu yako.

Sita, boga likiendelea kuiva, chukua korosho zilizolainika. Zitie katika kinu bila maji yake, uzitwange. Ukiwa na jiwe la kusagia, ni bora zaidi. Twanga mpaka ziwe laini kama uji mzito. Kisha ongeza polepole yale maji uliyolowekea, huku ukikoroga. Umepata tui la korosho.

Saba, toa mchaichai na pilipili katika sufuria. Ponda boga kwa mwiko mpaka vipande viishe.

Nane, punguza moto. Ondoa kuni, yabaki makaa. Mimina tui la korosho kidogo kidogo, huku ukikoroga upande mmoja. Usiache kukoroga. Moto ukiwa mkali, tui la korosho hushika chini na kuungua. Pika kwa dakika 10. Utaona supu inakuwa nzito na kung'aa.

Tisa, ipua. Tia chumvi kidogo, uonje. Mwisho kabisa kamulia ndimu. Usiitie ndimu wakati supu inachemka, maana harufu yake nzuri itakwenda na mvuke.

Supu ikiwa nzito mno, ongeza maji ya moto kidogo. Ikiwa nyepesi, iache juu ya makaa kwa dakika 5 zaidi.

Ukikosa korosho

Tumia karanga kikombe 1. Zikaange kwanza bila mafuta, uzimenye ngozi, kisha uzitwange mpaka ziwe laini. Endelea kama ulivyoambiwa juu ya korosho.

Lakini kwanza chagua karanga zako moja moja. Zilizo na ukungu, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi, zitupe. Usimpe mtu, wala usimpe kuku. Ukungu huleta sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hii haiishi kwa kupikwa. Huharibu ini. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na wengine walifariki. Korosho zenye ukungu nazo zitupe.

Ukiwa na nazi, kuna nazi 1. Kamua tui zito, uliweke kando. Ongeza maji katika machicha, ukamue tui jepesi. Pika boga kwa tui jepesi. Tui zito litie mwisho, moto ukiwa mdogo, na ukoroge ili lisikatike.

Usipokuwa na korosho, wala karanga, wala nazi, tumia zile mbegu za boga ulizoweka kando. Zioshe, uzianike, uzikaange na kuzitwanga pamoja na maganda yake. Chekecha unga wake, uutie katika supu.

Namna ya kula

Supu hii huliwa kwa ugali wa muhogo, ugali wa mahindi au wali. Lakini kumbuka, haina nyama wala samaki. Korosho zina kiasi cha vyakula vya kujenga mwili, lakini kikombe kimoja kwa watu 6 hakitoshi. Kwa hiyo weka pembeni kunde au mbaazi zilizochemshwa. Unaweza pia kuzitia ndani ya supu yenyewe. Hapo mlo umetimia.

Anayefunga Ramadhani ataifurahia wakati wa kufuturu. Asiyekula nyama siku za Kwaresima ataifurahia vile vile.

Sasa tuseme juu ya watoto.

Mtoto ambaye hajafikisha miezi 6 asipewe supu hii, wala chakula kingine. Chakula chake ni maziwa ya mama tu.

Mtoto wa miezi 6 na zaidi apewe supu nzito, iliyopondwa sana, isiyo na pilipili. Isiwe nyepesi kama maji. Mtoto mdogo ana tumbo dogo. Ukimjaza maji, hakuna nafasi ya chakula. Anza kwa vijiko 2 au 3.

Mara ya kwanza mtazame. Watoto wachache hudhuriwa na karanga au korosho. Akivimba midomo, akitoka vipele au akihema kwa shida, mpeleke zahanati mara moja.

Mtoto mdogo usimpe korosho nzima wala karanga nzima mkononi. Inaweza kumpalia na kuziba pumzi. Mpe iliyosagwa.

Tena usidhani kwamba supu ya mara moja kwa wiki inamaliza kazi yote. Siku nyingine pika majani ya maboga au kisamvu, uunge kwa karanga. Msimu wa maembe na mapapai, watoto wale. Na kliniki wasiache kwenda. Huko watoto hupewa matone ya vitamini A.

Kuweka boga na korosho

Supu hii inataka vitu viwili visivyovunwa mwezi mmoja. Korosho huvunwa kuanzia Septemba au Oktoba. Maboga yaliyopandwa na mvua za kwanza hukomaa kuanzia Machi au Aprili. Kwa hiyo ni lazima korosho ilisubiri boga.

Korosho ghafi zianike juani siku 2 au 3, mpaka ukizitikisa zilie. Zitie katika gunia safi, uliweke juu ya kichanja, mbali na ukuta na sakafu. Usizibangue zote kwa pamoja. Ganda ndilo ghala lake. Bangua za wiki moja tu.

Boga livunwe likiwa limekomaa. Ukilikwaruza kwa ukucha, ganda halikwaruziki. Likate pamoja na kikonyo chake. Kikonyo kikitoka, maji na wadudu hupita pale, na boga huoza. Usilitupe chini, maana boga lililogongwa huoza upesi. Liweke mahali pakavu penye kivuli na hewa. Likiwekwa vizuri linaweza kukaa miezi 2 au zaidi. Ukilipasua, litumie lote kwa siku 2 au 3.

Ndugu msomaji, watu husema boga ni chakula cha dhiki. Sivyo. Boga la chukuchuku ndilo chakula cha dhiki. Boga lililoungwa ni chakula cha heshima, hata mgeni akija utamkaribisha bila aibu. Msimu ujao, gunia la kwanza likijaa, usisubiri la mwisho. Tenga kilo 10, uandike juu ya gunia kwa mkono wako mwenyewe: ZA NYUMBANI. Sasa unajua kuandika. Na wa nyumbani wote wanaojua kusoma watasoma.

Maswali

1. Upofu wa usiku ni nini? Mtoto mwenye hali hiyo apelekwe wapi?

2. Kwa nini boga liliwe pamoja na mafuta?

3. Taja vitu vinne vya kuungia boga ambavyo vimetajwa katika somo hili. Ni vipi vinapatikana kijijini kwako?

4. Kwa nini hatubangui korosho kwa kutumia sufuria ya kupikia?

5. Karanga yenye ukungu ifanywe nini?

Hesabu

Nyumba moja ina watu 12. Wanataka kupika supu hii mara 1 kwa wiki kwa wiki 14. Watenge kilo ngapi za korosho ghafi? Zidisha kilo hizo kwa bei ya mnada wa mwisho kijijini kwako. Kisha linganisha na fedha ambayo nyumba hiyo ingetumia kununua mafuta ya kupikia kwa wiki hizo 14.

Mazungumzo darasani

Katika nyumba yako, nani huamua korosho ngapi ziuzwe na ngapi zibaki? Je, anayepika huulizwa?

Maneno ya kukumbuka

Chukuchuku: chakula kilichopikwa kwa maji na chumvi tu, bila kuungwa.

Ghafi: ambayo haijatengenezwa. Korosho ghafi ni korosho yenye ganda.

Kubangua: kutoa kiini cha korosho katika ganda.

Kuunga: kutia nazi, karanga, korosho au mafuta katika chakula.

Sumukuvu: sumu inayotokana na ukungu katika nafaka na karanga.